Midomo ya Ramadhani

Mwaka nilipotoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutafuta kazi mjini Mbarara, nilipata kibarua cha kubeba magunia kwenye mashine ya kusaga mahindi, mtaa wa Nyamityobora. Mwenzangu alikuwa Mwislamu wa makamo. Ramadhani ilipoingia, kila alasiri midomo yake ilikauka na kupasuka, nami nikamwona mdogo wangu wa kike, aliyekufa kwa kiu mgongoni mwangu tulipokimbia kutoka Kivu, Kongo.

Siku moja nilimpelekea kikombe cha maji.

"Kunywa, papa. Sitaki tena kuona mutu anakufa na kiu."

Hakukasirika. Aliniuliza nilimwona nani akifa, nikamweleza yote.

"Mimi nitakunywa jua likizama," akasema. "Baki hapa, uone mwenyewe."

Tangu siku hiyo magunia ya alasiri niliyabeba mimi, yeye akashona mifuko akiwa ameketi kivulini. Jua likizama nilisimama karibu naye. Alikunywa polepole, akinitazama, mpaka maji yakaisha. Ndipo nilipoweza kwenda kulala.

Ramadhani ilipokwisha alikunywa maji mchana kama sisi wengine, lakini mimi sikuacha kumtazama midomo.