Mlima wa Mashetani

Wifi yangu simpendi hadi leo, na sitajifanya kinyume. Lakini mdomo ulioanzisha yote ulikuwa wangu.

Binti yetu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Darasa lake pale Etterbeek, mtaa wetu huku ugenini, lilikuwa linakwenda Uswisi wiki nzima, kwenye theluji, katika milima inayoitwa Les Diablerets. Alikuwa ameshaazima suruali ya theluji, na Jumapili ile akaivaa mezani, anatokwa jasho juu ya sahani ya sombe, kisamvu chetu. Karatasi ya ruhusa ilibandikwa kwenye friji, inangoja sahihi ya baba yake.

Nami, kwa kutaka kuonekana nimesoma, nikamweleza wifi, dada mkubwa wa mume wangu, jina lile la mashetani lilikotoka. Zamani wachungaji wa bondeni walisikia mawe yakiporomoka. Wakasema ni mashetani wanacheza huko juu, wanashindana kulenga mnara wa mwamba, na roho za waliolaaniwa zinalia katikati yao. Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Wifi akaweka kijiko chini. "Donc munatuma mutoto wa kaka yangu kwa mashetani?"

"Wifi, ni hadisi tu. Sisi tulizaliwa tukakomalia chini ya volkano ya Nyiragongo. Si walisema wafu wabaya banaungua mule ndani? Na ulilima maharagi pale pale."

"Na Nyiragongo ilitufanya nini?"

Nyumba yetu ya Goma iko chini ya lava.

Kwetu shangazi akimkatalia mtoto wa kaka yake jambo, baba hatii sahihi. Mume wangu alikazia macho sahani yake. Wifi akaibandua karatasi, akaikunja, akaitia ndani ya Biblia yake. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, na bado nikamfungia sombe ya kwenda nayo.

Wiki ya safari, wenzake wakiwa kwenye theluji, binti yangu aliwekwa shuleni na watoto wa darasa la kwanza, kukata karatasi za rangi. Ijumaa nikampitia. Tukatembea barabara ya Chaussée de Wavre, nikamnunulia mandazi, hakuyagusa. Nikamwambia shangazi yake ana roho mbaya.

"Tantine aliogopa," akasema. "Yeye anaamini. Weye, maman, hauamini. Na ulinyamaza."