Beti Kumi na Moja Kabla ya Kafyu

Mwaka jana, 1954, nilisherehekea siku ya kuzaliwa ambayo haikuwa yangu.

Mtu mmoja alifukuzwa Nakuru kwa sababu ya siku hiyo. Mtu huyo si mimi.

Naitwa Darweshi. Kwetu ni Pangani, Tanganyika. Nilikuja huku kushona magunia kwenye kinu cha unga, na kwa miaka miwili sijamwona ndugu wala jirani wa nyumbani.

Ushairi nimejifunza mwenyewe. Hakuna aliyenifundisha mizani, na kinuni nilihakikisha kila mtu analijua hilo.

Shida ilikuwa moja tu: hakuna aliyetaka kunisikiliza.

Nikaona Wazungu na Wagoa wakifanyiana karamu za kuzaliwa. Nikajichagulia Jumamosi. Nikatangaza, "Jumamosi natimiza miaka ishirini na tatu. Njooni mle pilau!"

Wakaja wawili. Kemboi, mpakiaji wa magunia, na Hezekiah, karani wetu, Mkikuyu mmoja mpole sana.

Kemboi akachungulia sufuria.

"Darweshi, huu mchele umeungua?"

"Ndiyo pilau hiyo, bwana! Rangi yake."

"Haya. Kwetu tungempa mbwa, halafu tumwombe msamaha."

Hezekiah alicheka hadi akapaliwa. Kusema kweli, saa ile nilisahau kwamba niko ugenini.

Saa kumi na moja na nusu nikasimama na daftari. Beti thelathini, zote za kujisifu:

*Mimi ni simba wa pwani, ngurumo yangu wajua,*
*Nilizaliwa Pangani, radi ikanitambua.*

Mnajua amri ilivyo siku hizi za Hali ya Hatari. Ikifika saa kumi na mbili jioni, Mkikuyu akionekana nje, amekwisha. Mimi na Kemboi hiyo kafyu haituhusu.

Hezekiah akatazama saa yake. "Ndugu yangu, zimebaki beti ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na dakika zimebaki kumi tu. Kwangu ni ng'ambo ya reli. Wacha niende, utanimalizia Jumatatu."

Damu ikanipanda. Mtu akinikatiza naona kama amenizaba kofi.

"Mwanamume mzima unaogopa saa?"

"Si saa naogopa. Unajua."

Nikaenda nikaegemea mlango. "Sina mama hapa, sina baba. Leo siku yangu ya kuzaliwa, nawe unanikimbia?"

"Wewe, wacha mtu aende!" Kemboi akasema. "Mashairi hayaozi!"

Hezekiah aliitazama tena saa yake. Kisha akakaa.

"Soma, basi. Lakini soma haraka."

Sikusoma haraka. Ubeti wa mwisho niliurudia mara mbili.

Alitoka mbio. Hakufika mbali. Askari wawili walimsimamisha penye bomba la maji, hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu.

"Toa kipande chako! Umetoka wapi?"

Hezekiah aligeuka, akaniona nimesimama pale. Akageuza uso tena.

"Nimechelewa tu, afande. Nilikuwa natembea."

Kemboi akanisukuma begani. "Sema kitu! Si wewe ndiye mwenye maneno?"

Nikafunga mlango.

Kemboi akanitazama kama mtu asiyenijua, akaufungua, akatoka kwenda kumtetea. Askari wakamrudisha kwa rungu.

Jumatatu tukasikia Hezekiah anarudishwa Rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu, kwa lori. Nikaenda kwa mkewe, Wangeci. Nilimkuta anakunja mablanketi. Naye alikuwa amepewa siku tatu ahame na watoto.

"Shemeji, nimekuja kuungama," nikasema. "Ile haikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Niliizua."

"Tulijua."

"Mlijua?"

"Si yeye ndiye alijaza fomu yako ya kazi? Ulimwambia hujui siku, hujui mwezi. Mimi nilimwambia, usiende, huyo kijana anadanganya na kafyu iko karibu. Akaniambia, 'Mama, mtu akijitungia siku ya kuzaliwa, ujue hana mtu. Nitakaa naye kidogo.'"

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alinipa ncha mbili za blanketi nimsaidie kukunja, maana mikono yake haikutosha.

Nawaambia ninyi mlio mbali na kwenu, mnaojiona wapweke kuliko watu wote: upweke si kibali cha kumfanya mtu mateka wa furaha yako. Na mtu akikamatwa kwa ajili yako, ile nafasi ya kusema "alikuwa kwangu" ni fupi mno. Ikipita, imepita.

Siku hizi tuna karani mwingine. Kemboi hupakia magunia yangu bila kunisemesha.

Hezekiah yuko Rizavu, sijui kijiji gani. Siku ile ya mablanketi Wangeci alikuwa mbele yangu, nikaona haya kumwomba anwani.