Siku Niliyoshangilia Bao la Watani

Ndugu zangu wa ushirika, nawasalimu. Wakubwa zangu, shikamooni. Mnaoniona nimesimama hapa na kitambi changu, furahini nami, maana mwaka jana mlikuwa mnanichungulia kitandani huku mkinong'onezana.

Mimi Anaeli nalima kahawa na migomba, na ni fundi bomba kwenye shamba la maua kule Usa River. Nilikuwa mzima wa afya. Ndizi nyama nilikula sahani mbili, usingizi nikalala kama gogo. Na nina timu. Timu ile nimeirithi kwa marehemu baba, kama nilivyorithi shamba.

Basi kampuni moja ya kubeti kwa simu ikaidhamini timu yetu. Jina lao likakaa kifuani, kubwa kuliko nembo ya klabu. Nikanunua jezi siku ileile. Nikajiambia, hawa ndio wanaoilisha timu yangu, nisiwaunge mkono? Sisi watu wa michango bwana! Nilibeti nikidhani natoa mchango.

Mwanzo niliweka timu yetu ishinde tu. Nikaliwa, yaani pesa ikaenda na kampuni, nikaweka tena. Baadaye nikafika kwenye timu za nchi nisizoweza hata kuzionyesha kwenye ramani. Chakula kikawa hakipiti. Tumbo likawaka moto chini ya kifua, mate machungu yakanijaa mdomoni kila alfajiri. Nikameza dawa za maumivu kama karanga.

Mke wangu, Mama Neema, akaniuliza, "Baba Neema, mbona suruali inakukimbia?"

Nikamwambia ni kazi nyingi.

Siku ya mechi na watani wetu wa jadi tulijaa kutazama kwenye kibanda umiza cha Mangi. Mangi ni Mchaga wa Machame, na ni mtani haswa, shabiki wa timu yao. Mkeka wangu, ile orodha ya kubeti, siku hiyo ulitaka tufungwe. Watani wakafunga. Nikaruka juu, mikono hewani, na jezi yetu mwilini! Kibanda kizima kikanigeukia.

"Anaeli," Mangi akasema, "mbona unashangilia bao letu?"

Niliona aibu. Nikatoka nje, nikatapika. Matapishi yalikuwa meusi kama mashapo ya kahawa. Kisha nikaanguka.

Mangi huyohuyo akanipakia kwenye pikapu yake hadi hospitali. Wakaniingiza mpira wenye taa kooni.

Daktari akasema, "Baba, una vidonda vya tumbo, na kimoja kinavuja damu. Ni nini kinakunyima kula?"

Nikalia, nikamweleza yote. Hakunicheka.

"Huo nao ni ugonjwa," akasema, "nao tutautibu. Lakini ukirudi kubeti, utarudi hapa umebebwa."

Niliongezewa damu, na Mangi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono atolewe. Vidonda vilipona kwa dawa. Kuacha kubeti ndiko kulikonitesa. Nilitoka jasho nimekaa, vidole vikacheza vyenyewe mezani. Nikamkabidhi mke wangu simu, nikabaki na kitochi, kisimu cha kupiga na kupokea tu. Kila wiki nilikwenda kwa mshauri pale hospitali. Watu wakanambia niache na mpira kabisa. Nikakataa! Timu ni ya baba yangu, si ya kampuni. Binti yangu Neema akachukua kipande cha kitenge, akakishona juu ya lile jina kifuani. Toka Ngaramtoni mpaka Usa River, nionyesheni jezi nzuri kuliko yangu.

Namshukuru Mungu, mke wangu, madaktari, na huyo mtani. Wewe unayejifungia chooni na simu, mwambie mtu mmoja, leo. Na ukiona haja kubwa nyeusi, usingoje kupambazuke, nenda hospitali.

Kabla sijakaa. Jumapili iliyopita watani walitufunga tatu bila. Niliumia jamani, machozi yakanitoka mbele za watu. Mangi akaacha kushangilia, akaja mbio kunishika bega.

"Anaeli, umeliwa?"

"Sijaliwa, Mangi," nikamjibu, nimeinua kichwa. "Tumefungwa."