Shamba Lilipopigwa Dawa

Huku Ndalambo mvua zikishika, kununua mboga ni uvivu. Unakwenda ukingoni mwa shamba, unachuma mgagani, unarudi kupika. Siku hiyo mama mkwe alichuma beseni zima kwenye mpaka wa mahindi yetu, akaupika kwa karanga, akamlisha binti yangu wa miaka minne. Nilirudi kutoka mnadani nikakuta mtoto anaramba vidole.

Mume wangu naye akaingia, akaona sufuria. "Hiyo mboga imetoka wapi?"

"Mpakani, pale karibu na kijito," mama mkwe akajibu.

"Mama! Si nilikuambia asubuhi nimepiga dawa?"

"Uliniambia, mwanangu. Nikajua umeua wadudu, mboga imekuwa safi."

Jamani! Alikuwa amepuliza dawa ya kuua magugu, na kwa dawa ile mgagani nao ni gugu tu. Nikamgeuzia mume wangu kibao.

"Hivi wewe, kitu kinachoua unakiitaje dawa?"

"Kila mtu anakiita hivyo," akasema. Akachukua ufunguo wa pikipiki, twende zahanati.

Tukapanda mshikaki, mtoto katikati, mama mkwe nyuma yangu. Pale kijitoni jirani yetu alikuwa anachota maji, chini kidogo tu ya mpaka uliopulizwa. Nikapiga kelele, "Usichote! Usichote!" Pikipiki ikanipitisha, sijui kama alinisikia. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli, maana nilianza kuhesabu wanaokunywa pale: sisi, wao, mbuzi, nyuki wa kwenye mizinga yao. Mtoto akatapika. Mama mkwe akalia njia nzima, "Dawa itamuua mjukuu wangu! Dawa hiyo itamuua!"

Zahanati walitulaza. Mtoto alitapika tena, kisha akatulia, lakini mwili ukawa wa moto. Asubuhi nesi akaja na kijiko. Nilitamani kumpigia magoti.

"Haya mama, fungua mdomo, unywe dawa."

Binti yangu akauma meno, akajificha kifuani kwa mama mkwe.

"Bibi, mkataze! Sitaki kufa."

Nesi akatugeukia sisi wakubwa, akasubiri tumwambie mtoto kwamba dawa haiui. Mume wangu alitazama sakafu. Mama mkwe alinitazama mimi, na mimi nikamtazama mume wangu.