Chura wa Kwenye Kalenda

Kalenda ile niliiona tena mwaka jana katika duka moja la dawa mjini Morogoro. Imening'inizwa juu ya mizani, miezi yake yote imeshapita na hakuna aliyejali kuitoa. Juu kuna jina la kampuni ya mafuta ya kupaka. Chini yake kuna mkono wa msichana, laini, unang'aa, na kwenye kiganja amekaa chura mdogo wa kahawia. Maandishi yanasema kampuni inajali mazingira. Mkono ule ni wangu. Muuzaji alinikuta nimeitolea macho, akaniuliza kama naitaka, maana yeye hana haja nayo. Nikamwambia hata bure siitaki.

Tulikuwa wanafunzi wanne wa biolojia, tumepata kibali cha kuchunguza vyura wa msitu wa Uluguru, upande wa juu ya Mlali. Chuo kilitupa barua na baraka, vilivyobaki tukaambiwa tutafute wafadhili. Kiongozi wetu, kijana aliyejua kufunga tai kuliko kushika chura, ndiye aliyetuletea kampuni ile. Tuliomba mahema, tochi za kichwani na mabuti. Tukaletewa fulana za rangi ya machungwa, bango refu la kufungwa kwenye miti, na maboksi ya mafuta yao mapya, yanayolainisha ngozi na kufukuza mbu kwa wakati mmoja. Kule juu kuna baridi ya kugonganisha meno. Mbu mwenyewe angeomba sweta. Nilicheka sana siku ile, kisha nikavaa fulana kama wenzangu.

Tulifikia kwa bibi mmoja mkulima wa kabichi na karoti, mtu wa kanisani, mfupi, mwenye ulimi. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu. Siku ya pili tu alianza kuicheka sheria yetu ya kwanza ya kazi, yaani hakuna kupaka mafuta. Chura hunywa kwa ngozi, na kwa ngozi hiyohiyo hupumua. Chochote kilichoko mkononi mwako kitaingia mwilini mwake, sembuse dawa ya mbu. Kwa hiyo zawadi za mfadhili tulizisukumia chini ya kitanda, na kila tulipotaka kushika chura tulinawa kwanza kijitoni, maji matupu bila sabuni. Baada ya wiki moja tulikuwa tumepauka vibaya, magoti na viwiko vyeupe.

"Hivi kwenu mafuta hakuna?" bibi aliniuliza asubuhi moja, hata kabla ya kuitikia shikamoo yangu. "Mtoto wa kike unatembea umepauka hivyo, watu watasema nawalaza kwenye majivu."

Nilimweleza habari ya ngozi ya chura. Nikamweleza na jambo kubwa zaidi, kwamba tulikuwa tumempata jike mwenye mimba. Vyura wengi hutaga mayai majini. Wa aina hii ya milimani huzaa watoto, wadogo kuliko punje ya mchele, wakiwa na miguu yao kamili. Kupitia ngozi nyembamba ya tumbo lake uliweza kuwaona humo ndani, madoa meusi yaliyobanana. Tulimweka katika beseni lenye majani na kuvumwani ya kijani tuliyoibandua kwenye mawe mabichi, kivulini kando ya kijito, na mimi ndiye niliyepewa kumtazama. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka mlima ule: nimwone akizaa, niandike nilichokiona kwa macho yangu. Mwalimu wetu mwenyewe, na mvi zake zote, hakuwahi kuona.

Bibi alilichukua jambo hilo kama la ndani ya ukoo. Kila asubuhi aliuliza, "Mzazi wetu kaamkaje?" Akaahidi kwamba siku akijifungua atapika uji wa mzazi, wenye pilipili manga. "Yeye hanywi, najua. Mtakunywa nyie wakunga wake."

Siku ya kumi na moja ya kumtazama, wafadhili wakaja. Watu sita kwa ajili ya picha moja. Walipanda bodaboda mpaka njia ilipoishia, wakamalizia kwa miguu huku wakiulaumu mlima kwa kupanda. Afisa masoko alivaa raba nyeupe. Hakuuliza tumegundua nini. Aliuliza mtandao unashika wapi. Bango likafungwa kwenye miti miwili, kijito kikapotea nyuma yake. Kiongozi wetu akatoa hotuba ya shukrani, akamtaja mkurugenzi wao mara nyingi kuliko alivyotaja vyura.

Kisha afisa akatuangalia vizuri.

"Jamani! Mikono gani hii? Sisi tunauza mafuta, nyie mmepauka kama mmetoka kupepeta unga! Maboksi tuliyowaletea mmeyafanyia nini?"

Aliyekimbia kuyaleta ni kiongozi wetu, yuleyule aliyetusomea sheria siku ya kwanza. Tukapaka wote. Mimi nilipaka mpaka kwenye viwiko.

"Haya, chura yuko wapi?" Afisa alisema atamshika mwenyewe, lakini alipochungulia kwenye beseni alirudi nyuma hatua tatu. "Mshike wewe, dada. Si wewe ndo mtaalamu?"

Kijito kilikuwa hapohapo, nyuma ya bango. Nikasema, "Ngoja ninawe."

"Ukinawa si utapauka tena? Dakika moja tu, mvua hiyo inakuja."

Kiongozi akanikonyeza. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimeutazama mkono wangu nikaupenda. Wiki mbili nzima nilikuwa najionea aibu. Nikamtoa chura, nikamweka kiganjani. Dakika moja ikawa kumi, maana afisa alitaka naye awemo pichani, na miwani yake ilikuwa inarudisha mwanga.

Nawadharau watu wale mpaka leo, raba zao na bango lao. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyejua mafuta yanamfanya nini chura. Waliojua tulikuwa wanne, na sote tulitabasamu.

Walipoondoka miguu ya chura ilikuwa imeanza kunyooka. Nilimmwagia maji ya kijito, nikammwagia tena na tena, nalia. Kabla ya saa tisa alikuwa amekufa, na yale madoa tumboni hayakucheza tena. Kiongozi akashauri tuandike kwamba chanzo cha kifo hakikujulikana. Tukaandika hivyo.

Nilipofika nyumbani kwa bibi, sufuria ilikuwa jikoni inachemka, harufu ya pilipili manga imejaa mpaka nje.

"Nimewaona wageni wanashuka wanacheka, nikajua tayari," alisema. "Kajifungua?"

"Ndiyo, bibi."

"Watoto wazima?"

"Wazima wote."

Akapiga kigelegele peke yake pale jikoni. Akanijazia bakuli, na nilipolipokea kwa mikono miwili akaitazama mikono yangu akafurahi. "Na leo umependeza, mjukuu wangu. Kunywa."

Nikanywa. Akaniongeza, nikanywa tena.