Sakafu ya Kambi ya Barabara

Mtu yeyote wa Kamuli atakuambia kwamba kinu cha kukoboa kahawa ni changu, na nimekipata bila kumaliza darasa la nne. Pale zamani palikuwa kambi ya watengeneza barabara. Walipoondoka baada ya vita waliacha sakafu ya saruji walikokuwa wakiegesha magreda, na sisi vibarua wa kijiji wenye vishamba vyetu tukaanza kuanika kahawa hapo, maana kwingine kote ni matope.

Siku moja mwenyekiti wa kijiji alinikuta nikigeuza kahawa yangu. Akaninyang'anya fagio, akaisukuma yote mtaroni. "Sakafu ya serikali si ya vibarua," akasema, na watu wakacheka. Yalikuwa mavuno yangu yote ya mwaka.

Baadaye pakawa gulio la ndizi, kisha pakalishwa mbuzi, mpaka kijiji kikagawa viwanja nami nikapewa kile. Nikaweka kinu kwa jasho langu, sikusaidiwa na mtu.

Msimu mmoja wa mvua yule mzee akaja, uenyekiti umeshamtoka, na magunia ya kahawa iliyoanza kunuka uvundo. "Baba, niazime sakafu nusu siku tu."

"Shikamoo mzee," nikamjibu. "Fagia kwanza."

Alifagia pembe hadi pembe, wateja wangu wakimtazama. Mimi nilikuwa naangalia wingu la mvua likija. Alipomaliza lilikuwa juu yetu.

"Sasa anika," nikamwambia.

Hakufungua hata gunia moja. Wanasema sikumheshimu. Nilimwamkia vizuri kabisa.