Uhamisho wa Kumkimbia Mume

Jicho langu la kushoto lilipovimba, mwalimu mkuu wetu hakuuliza limepatwa na nini. Aliuliza kwa nini nimekosa vipindi viwili vya Hisabati, akanipa karatasi nijieleze. Nikaandika ukweli: mume wangu alinipiga, akanifungia ndani. Mkuu akasoma huku amekunja uso kama aliyekuta unywele kwenye ugali.

"Madam, mambo ya chumbani usiyaingize kwenye faili."

Keshokutwa yake akamwita mume wangu shuleni, eti tusuluhishwe. Mimi niliachwa nimesimama. Yeye akaletewa kiti na soda. "Karibu sana, shemeji." Na shemeji huyo, ambaye mbele ya watu ana sauti ya mwanakwaya, akalalamika kwamba shule inanichelewesha kurudi nyumbani. Kikao kikaamua niwe naondoka mapema. Yaani darasa la sita walinyang'anywa mwalimu ili bwana asikasirike! Yote hayo chini ya bango la kupinga ukatili, walilolibandika wenyewe ukutani.

Nikaenda Bariadi mjini kuomba uhamisho. Afisa wa uhamisho, kijana aliyebanwa na suti, akapekua makaratasi.

"Sababu ni ugonjwa, au kumfuata mwenza."

"Mimi namkimbia mwenza."

"Hiyo haipo, Madam." Akacheka. Aliona nimemtania.

Aliyeniokoa ni mwalimu wa Mwanhuzi, wilaya nyingine, niliyempata kwenye kundi la WhatsApp la wanaotafuta kubadilishana vituo. Yeye alitaka kuja kwetu kumfuata mumewe. Basi barua ikapita haraka, maana kulikuwa na mume ndani yake, hata kama hakuwa wangu.

Mwanhuzi, mkuu wa shule ni mama wa makamo. Nilimweleza kila kitu siku ya kwanza. Hakunihubiria. Alimwita mlinzi, akamwonyesha picha ya mume wangu kwenye simu yangu, kisha akanipa ratiba ya vipindi.

Mwezi wangu wa pili pale, bwana akatokea. Mlinzi akamzuia getini, juani. Mama mkuu akamfuata.

"Mwangaluka, baba," akamsalimia kwa Kisukuma. "Mwalimu yuko darasani. Ukivuka hapa naita polisi."

Nilimwona kupitia dirisha. Lile simba la chumbani lilitazama viatu vyake, likapanda bodaboda, likaondoka. Kumbe nilikuwa nimeogopa kitu kidogo namna ile! Chaki ikanikatikia ubaoni. Nikaokota kipande, nikaendelea kufundisha hesabu za sehemu.